Ukuta Uliolowa Kiangazi

Ukuta wa chumba cha Munira ulianza kulowa mwezi wa nane, na mwezi wa nane Nachingwea hakuna kitu kinacholowa. Mvua imeshasahaulika, mikorosho imetoa maua, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani, na mtu akimwaga maji ya vyombo uani ardhi huyanywa kabla hajageuka. Zuena aliingia asubuhi kutandika kitanda cha binti yake, akaegemeza kiganja ukutani ili ainame vizuri, kiganja kikateleza.

Akakitazama. Kilikuwa kimelowa.

Hakuogopa. Alidhani Munira, mtoto wa miaka saba mwenye mikono isiyotulia, alichezea maji. Akachukua tambara, akapangusa, akafungua dirisha, akarudi barazani kwenye cherehani yake. Kilichomfanya asimamishe mguu kwenye pedali muda mfupi baadaye ni harufu. Ilitoka ndani, ikapita mlangoni, ikampitia usoni: harufu ya mvua ya kwanza ikiangukia ardhi kavu, ile ambayo wakulima huingoja na wajawazito huimezea mate. Akatoka uani kutazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, haina hata kiwingu cha kudanganyia.

Nyumba ile ilikuwa mpya. Yeye na mumewe Amri, mnunuzi wa ufuta, waliijenga kidogokidogo, msimu baada ya msimu, chumba hiki mwaka huu, bati mwaka ujao. Walihamia baada ya Idi pamoja na mama yake Amri, Bi Fatu, ambaye maisha yake yote aliishi kwenye nyumba ya udongo na mpaka leo alisema sakafu ya saruji inamla magoti. Kila kitu walichokuwa nacho duniani kilikuwa kimesimama pale, kimepigwa lipu na kupakwa rangi ya kijani.

"Bomba hilo," Amri alisema jioni alipooneshwa. Ukuta ulikuwa umelowa tena. "Mwite Selestini."

Fundi Selestini ndiye aliyeijenga nyumba tangu msingi mpaka lenta, na aliipenda kama mtu anavyopenda kazi iliyomletea kazi nyingine. Alikuja na mwiko, tindo na nyundo, akasimama mbele ya ule ukuta muda mrefu bila kugusa kitu.

"Unyevu una tabia zake, mama Munira," alisema. "Ukitoka ardhini unapanda kama mafuta kwenye utambi, lakini hauvuki kiuno cha mtu, na ukifika hapo unaacha mstari wa chumvi. Ukitoka juu kwenye bati unashuka na michirizi kama ya chai. Ukitoka kwetu wenyewe, mvuke wa kupikia, pumzi za watu waliofunga madirisha, unakaa kwenye pembe na kuota weusi. Kila mmoja unakwambia umetoka wapi. Huu sijauelewa unasema nini."

Kwa kweli haukufanana na hata mmoja wao. Chini ya ukuta palikuwa pakavu. Juu palikuwa pakavu. Pembe zilikuwa safi. Doa lilianzia katikati, usawa wa kichwa cha mtoto aliyelala kitandani, likatawanyika vipandevipande.

Selestini hakuwa mtu wa kubahatisha. Alifunga maji yote ya ndani, akaenda kukaa mbele ya mita kuona kama mshale utatembea, haukutembea. Akapanda juu ya bati, akakagua msumari mmoja mmoja. Akachimba nje mpaka akaufikia msingi, akakuta udongo mkavu kama unga, na ile nailoni aliyoitandika kwa mkono wake mwenyewe chini ya ukuta ili kuzuia maji ya ardhini ilikuwa nzima, haina hata tundu la sindano. Mwisho akachukua kipande cha nailoni nyingine, akakibandika juu ya doa, akakiziba pande zote kwa gundi ya karatasi.

"Matone yakitokea mbele ya nailoni, unyevu ni wa hewa ya chumbani," alisema. "Yakitokea nyuma, unatoka ukutani."

Kesho yake upande wa mbele ulikuwa mkavu. Nyuma, matone yalikuwa yamejipanga kama jasho kwenye mdomo wa juu wa mtu.

Basi akabandua lipu kwa tindo, taratibu, Zuena akimshikia beseni. Chini ya lipu walikuta jambo lililomfanya fundi aweke tindo chini. Tofali moja lilikuwa limelowa mpaka linang'aa, na jirani yake, lililogusana nalo, lilikuwa kavu kama jivu. Kisha kavu jingine. Kisha mawili yaliyolowa. Selestini aliweka kiganja juu ya tofali lenye maji, akakiondoa haraka.

"Lina joto," alisema kwa sauti ya chini.

Zuena naye akagusa. Ukuta ule haukupata jua saa yoyote ya mchana. Lakini tofali lilikuwa na joto analolijua kila mama, joto la paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Pengine udongo wake ulikuwa na chumvi," Selestini alisema, bila kumtazama. "Chumvi huvuta maji hewani. Nitapiga saruji yenye dawa ya kuzuia maji."

Akaipiga, safu nene, akaisugua ikawa laini. Siku iliyofuata saa za alasiri saruji yote ilidondoka kwa pamoja, kama mtu anavyovua shati, ikaangukia kitanda cha Munira. Mtoto kwa bahati alikuwa uani. Zuena alipoigeuza aliona kwamba upande uliokuwa umegusana na matofali ulikuwa umejaa mistari mitanomitano, laini, iliyokwenda juu na chini, juu na chini, kama ya kiganja kinachopapasa.

Selestini aliitwa, akaja, akaitazama ile mistari. Akaokota mwiko wake.

"Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua," alisema, na akaondoka bila kunywa hata maji.

Ikaanza sauti. Zuena aliisikia kwanza mchana akishona: tap, tap, tap, polepole. Akadhani ni cherehani. Akasimamisha mguu. Sauti ikaendelea. Ilitoka chumbani kwa Munira, nyepesi na ya subira, na alipoingia ndani ikatulia kidogo, kama mtu aliyeshtuliwa kazini, kisha ikaendelea kutoka ndani ya ukuta.

Akageuka kumwita mama mkwe, akamkuta Bi Fatu amekwisha simama ukumbini nyuma yake, mkono mdomoni.

"Unasikia, mama?" Zuena alinong'ona.

"Nasikia tangu juzi, mwanangu."

"Ni maji yanadondoka?"

Bi Fatu alitikisa kichwa. "Mimi nimelea watoto tisa. Hiyo sauti naijua." Akainua mkono wake wa kizee, akaupiga hewani taratibu, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na mkono ukaenda sawasawa na sauti iliyokuwa ukutani. "Mtu anambembeleza mtoto alale."

Munira alianza kukohoa. Kwanza asubuhi tu, kisha kutwa nzima, kikohozi chenye maji ndani yake, kinachomwinamisha mpaka mishipa ya shingo inasimama. Walimhamishia chumba cha bibi yake, na mara mbili walimkuta alfajiri amerudi kwenye kitanda chake, shavu limebandikwa kwenye tofali tupu, amelala bila kukohoa hata kidogo. Mara ya pili Zuena alimsikia akizungumza kabla hajaingia.

"Pole," mtoto alikuwa akisema. "Pole, eeh. Pole."

Daktari wa hospitali alimsikiliza kifua, akamuuliza Zuena kuhusu nyumba. Alipoelezwa habari ya ukuta alisema jambo la busara, ambalo daktari yeyote angelisema. Unyevu na ukungu huingia mapafuni, mtoto asilale mle tena, apelekwe mahali pakavu. Siku hiyohiyo Amri aliwapakia kwenye gari la kukodi, wakaenda Chunyu, upande wa Ruangwa, kwa Bi Hajra, mama yake Zuena, kwenye nyumba ya udongo yenye paa la nyasi na upepo unaopita mlango kwa mlango. Zuena alilala usingizi wa kwanza baada ya wiki nyingi.

Alipoamka Munira alikuwa ameacha kukohoa. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Nina kiu, mama."

Akampa kikombe. Akamaliza, akaomba kingine. Akanywa kata, akanywa mtungi wa bibi yake ukafika nusu, na haja ndogo hakwenda. Adhuhuri ngozi ya mikono yake ilikuwa imeanza kuwa nyeupe, ikifanya mistari midogo kama tope la bwawa lililokauka, na Zuena alipompaka mafuta ya nazi mafuta yalizama, akapaka tena yakazama, na mtoto hakulia kwa sababu hakuwa na machozi. Bi Hajra alilowesha khanga akamfunika nayo. Khanga ikakauka juu ya mwili ule mdogo kama iliyoanikwa juu ya bati. Ilipofika jioni Munira alikunja kidole, na kwenye kiungo cha kidole ngozi ikafunguka bila damu, na ndani ya ule ufa Zuena, aliyekuwa ameinamisha uso karibu kabisa, akaona kitu chekundu kisichokuwa nyama, kikavu, cha vumbivumbi, akaufunga mkono wa mwanawe ndani ya wake haraka ili mama yake asione, akapaza sauti kumwambia Amri atafute gari, gari lolote, wanarudi.

Njia nzima alikuwa akimdondoshea maji mdomoni kwa kitambaa. Hakumbuki walipita wapi. Anakumbuka tu kwamba mtoto alizidi kuwa mzito mapajani, uzito usio wa mtoto mgonjwa, na kwamba dereva aliuliza kama wamebeba mchanga.

Walipofika Amri alimchukua mbio mpaka chumbani, akamlaza, na kabla hawajawasha taa Munira aligeuka mwenyewe, akajivuta, akaweka shavu ukutani. Wakasikia anavuta pumzi. Tap, tap, tap, ilianza ile sauti. Wakasimama wanamtazama binti yao akinywa, maana hakuna neno jingine, ukuta ukimlowesha nywele na shingo na gauni, nyufa za mikono zikijifunga moja baada ya nyingine. Halafu kikohozi kikaanza upya.

Amri alikaa sakafuni, akaweka kichwa juu ya magoti.

"Tukimtoa anakauka," alisema. "Tukimwacha anazama. Niambie nifanye nini, mama Munira. Niambie tu, nitafanya."

Kulipokucha Zuena alichukua tindo iliyosahauliwa na Selestini, akaanza kubandua lipu ya nyumba yake mwenyewe. Sebuleni matofali yote yalikuwa makavu. Chumbani kwake makavu. Ukumbini makavu, mpaka kwenye pembe inayoelekea kwa Munira, ambapo akalikuta moja lililolowa, kisha jingine, na akaona kwamba yale yenye maji yalikuwa na rangi ya kuiva zaidi, nyekundu ya giza, na marefu kuliko wenzake kwa upana wa kidole. Hayakutoka kwenye kalibu moja ya kufyatulia.

"Baba Munira," aliita. "Matofali yetu tulinunua wapi?"

"Kiegei," Amri alijibu. "Yakaisha tulipofika chumba cha mtoto. Ya kumalizia nilichukua Malolo, kwa Harithi."

Harithi alikuwa mfyatuaji matofali, mwanaume wa makamo mwenye kope zilizounguzwa na moto wa miaka mingi. Walimkuta kwenye kalibu zake, akawakaribisha vizuri. Walipomuuliza udongo wa matofali yale aliuchimba wapi, hakuficha. Aliwapeleka nyuma ya shamba la mihogo, akawaonesha shimo.

"Hapa palikuwa na kichuguu," alisema. "Kikubwa, kinazidi kibanda. Udongo wa kichuguu ndio unaofaa, haupasuki motoni. Kila mtu anautumia."

Ulikuwa mwezi wa kiangazi kikali, na majani ya mihogo yalikuwa yamejikunja. Lakini chini ya lile shimo udongo ulikuwa mweusi kwa maji.

"Hukuona kitu ulipoyachoma?" Zuena aliuliza.

Harithi alifikiri. "Tanuru lililia usiku wa kwanza. Kuni mbichi hulia." Akasugua kope zake. "Watu wa hapa walikuja kusimama mbali, wakisikiliza. Wakasema kuni hazilii vile. Mimi nilikuwa na moto wa kuangalia."

Ndipo Amri alipokwenda Ruangwa mjini kumleta Mwalimu Kaimu, mzee anayefundisha Kurani, aliyejulikana kwa kuwasomea watu waliovamiwa na pepo. Alikuja na kikoba chake, mkewe amemfungashia ubani. Aliingia chumbani baada ya sala ya alasiri, jua likiwa bado kali nje, akaomba kijiko cha makaa na chetezo, akaketi karibu na kitanda. Munira alikuwa amelala ubavu, mgongo wake umewageukia, uso ukutani. Kikohozi kilikuwa kimebaki kidogo sana, na Zuena aliogopa ule uchache kuliko alivyoogopa ukali wake.

Mwalimu alianza kusoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesomea darasa. Ukuta ukatoka jasho. Akapandisha sauti, na maji yakaanza kutiririka kwenye matofali mekundu, yakakwepa makavu, yakafika sakafuni, yakatambaa mpaka kwenye mkeka wake. Naye akauvuta mguu ndani, akaendelea kusoma, akanyoosha mkono kuchukua makaa na kuyatia ndani ya chetezo, akapuliza, makaa yakawaka mekundu, na harufu ya ubani ikapanda ikakutana na harufu ya mvua ya kwanza, zikasimama chumbani pamoja, mpaka Bi Fatu aliyekuwa mlangoni akashika fremu ili asianguke.

"Msiwashe tena," alisema Munira.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Lakini ilizungumza polepole, kama mwanamke mzima anayejibu watu huku ana kazi mikononi. Na kazi haikusimama: tap, tap, tap.

Mwalimu Kaimu aliuliza, "Wewe ni nani?"

"Mliwasha mara moja. Inatosha."

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

Kiganja kikaendelea kupiga ndani ya ukuta.

"Wangu walikuwa wamelala," ile sauti ilisema. "Nilikwenda kutafuta maji. Niliporudi nyumba haikuwepo. Nikafuata moshi. Nikawakuta mmewapanga." Munira alikohoa, akameza. "Wana moto mpaka leo. Nawapoza. Nikiacha wanalia."

Zuena alikuwa amekuja kusikiliza adui.

"Na huyu?" Mwalimu aliuliza, sauti yake imeshuka bila yeye kutaka. "Huyu alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Alilaza shavu kwa mmoja wao akamwambia pole. Wangu hawaniitiki tena. Huyu ananiitikia."

Mwalimu alifumba macho, akafungua mdomo aanze aya kali, zile zinazomtoa pepo bila kumwomba, na akainua chetezo karibu na ukuta. Munira alijikunja mzima. Hakupiga kelele, alifungua mdomo wazi kabisa, na badala ya sauti yakatoka maji, meupe, mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya mtoto.

"Mwalimu, ngoja," Zuena alisema, akaushika mkono wake. "Tafadhali. Weka moto chini."

Akapiga magoti kwenye maji. Hakumtazama mwanawe. Aliutazama ukuta.

"Mama," alisema. "Mama mwenzangu. Sisi hatukujua. Nitakurudishia matofali yako yote, moja moja, sitabakiza hata kipande. Nitawarudisha watoto wako mahali pao. Niachie wangu."

"Nani atawapoza?" iliuliza ile sauti. Kwa mara ya kwanza ilitetemeka. "Mimi nimechoka."

"Mimi," Zuena alisema.

"Mama Munira," Mwalimu alinong'ona, "usimjibu hivyo."

Lakini alikuwa amekwisha jibu, na kiganja ndani ya ukuta kilikuwa kimetulia.

Kazi ilianza kabla jua halijazama. Amri alipanda juu na nyundo akang'oa bati la chumba kile, kisha la ukumbi. Majirani waliokuja kuuliza kama wamerukwa na akili waliishia kushika sururu, na Selestini, aliyepata habari sokoni, alikuja bila kuitwa akawa ndiye anayeyatoa yale mekundu kwa mkono, bila kupiga, akiyalaza kwenye majani ya mgomba kama mayai. Bi Fatu alipita nyuma akiokota mpaka vigae. Nusu ya nyumba ililala chini. Ile iliyosalia, bila ukuta wa kuibana, ilipasuka toka lenta mpaka sakafuni mbele ya macho yao.

Zuena alikaa kwenye tela la trekta walilokodi, juu ya matofali, Munira mapajani, tofali moja limeegeshwa shavuni kwa mtoto. Malolo waliyashusha ndani ya lile shimo, wakayapanga duara, wakayafunika kwa udongo mweusi. Mwalimu Kaimu alisoma dua fupi, ya kuzikia. Lilipobaki tofali la mwisho Zuena alilitoa shavuni kwa binti yake, akampa Amri, akangoja ngozi ianze kuwa nyeupe.

Haikuwa. Munira alifumbua macho, akawatazama watu waliosimama kwenye shamba la mihogo.

"Nina njaa," alisema.

Amri alicheka, kisha akalia kwa sauti mbele ya watu, wala hakuficha uso.

Wakati wengine wanapakia zana, Mwalimu alimvuta Zuena pembeni. "Mtoto amepona, tumshukuru Mungu," alisema. "Lakini umetoa ahadi bila kuipima."

"Ningepima saa ngapi, Mwalimu?"

Mzee alifunga kikoba chake.

Wakahamia nyumba ya zamani ya Bi Fatu, ya udongo, wakaanza upya. Mvua zikaja zikapita. Munira alirudi shuleni, akanenepa, akasahau; alipoulizwa kuhusu ukuta alisema aliota anacheza na watoto. Zuena alishona, alipika, alicheka na majirani, na mvua za mwisho zilipokatika na nyasi kuanza kugeuka rangi, alikodi pikipiki, akafunga madumu mawili ya maji nyuma, akaenda Malolo kutimiza neno lake.

Ilikuwa asubuhi tulivu. Harithi alimwonesha njia kwa kidole, hakumsindikiza. Kichuguu kilikuwa kimeanza kujijenga upya, kimemfika magotini, na pembeni mwake mvua ilikuwa imekwangua udongo, matofali machache yakichungulia. Akalowesha kiganja, akaligusa la karibu. Lilikuwa na moto. Akamimina maji, likayanywa yote, likafuka kidogo, akagusa tena, na moto ulikuwa palepale. Akamimina dumu la kwanza lote. Akamimina la pili mpaka likatoa tone la mwisho, akalitikisa. Ardhi ilikuwa kavu tena kama vile hakuwahi kufika, na kutoka chini ya udongo, kwa mbali sana, kukaanza mlio ambao angependa kuuita wa kuni mbichi.

Ndipo alipohisi baridi kifuani. Gauni lake lilikuwa limelowa mbele. Alidhani amejimwagia. Akapapasa, akanusa vidole, akasimama vilevile ameinua mkono, maana alimwachisha Munira ziwa miaka mingi iliyopita, na yale hayakuwa maji.

Kilio kikapanda. Kilikuwa cha mmoja, kisha hakikuwa cha mmoja.

Zuena alitazama nyuma kwenye kinjia. Hakukuwa na mtu. Akapiga magoti, akalowesha kiganja kwenye gauni lake, akakiweka juu ya tofali la kwanza, na likapoa palepale, likanyamaza, kama mtoto aliyepata alichokuwa akililia. Akakaa nalo kidogo, akilipapasa. Kisha akaanza kufukua kwa mikono kulifikia la pili, na la tatu lililokuwa chini yake, na mengine yaliyolala duara kwenda chini ambako mwanga haufiki. Aliyatazama yakipangwa. Alijua ni mangapi.